Taifa kubwa lina kazi gani duniani? Mimi naanzia Kongwa, mnisahihishe

MnadaKibaigwa (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Jumamosi nilikuwa Kongwa, mkoani Dodoma, kufuata mzigo wa alizeti, tairi la nyuma likala pancha kabla sijafika kijijini. Spea nayo haina upepo. Tingo akaondoka na tairi kwenye bodaboda, mimi nikajibanza kivulini kwa mzee mmoja anayechunga mbuzi, redio ndogo ya betri inaning'inia begani. Taarifa ya habari ilikuwa ya wakubwa watupu: nani kapeleka manowari wapi, nani kapandisha ushuru, nani kakata msaada. Nikamuuliza kwa utani, mzee, hawa wakubwa unawaonaje?

"Walishapita hapa," akasema, na fimbo akainyoosha kwenye uwanda ulio mbele yetu. "Walikuja kulima karanga."

Mradi wa karanga wengi wetu tuliukariri shuleni kama mstari mmoja wa mtihani. Niliporudi nimeusoma vizuri. Uingereza imetoka vitani, mafuta ya kupikia kule kwao yanagawiwa kwa kadi. Wakubwa wakakaa, wakaona Afrika kuna ardhi tupu (tupu kwa macho yao). Mpango ulikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3 kwa miaka 6, sehemu kubwa hapa Tanganyika. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yakatafutwa kwenye masalia ya jeshi huku na kule, hadi vifaru vikageuzwa matrekta. Sikilizeni tena: vifaru, vya kulimia karanga Ugogo.

Mbuyu ukayashinda matrekta. Udongo wa kule una mfinyanzi, kiangazi unakuwa kama sakafu ya saruji, na karanga, kwa wasiojua kilimo, inazaa chini. Kwa hiyo hata iliyoota na kuzaa ulikuwa na kazi ya kuibomoa ardhini. Mvua nayo mnaijua ilivyo huku kwetu, inanyesha shamba la jirani wewe unaangalia. Januari 1951 serikali yao ikasalimu amri. Hasara ilipita paundi milioni 36 za wakati ule, na mbegu waliyoleta ilizidi karanga walizovuna.

Kilichoninyima usingizi ni kwamba hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa na wahandisi, na hela, na ndege ya kupima ardhi kutoka juu. Ila Mgogo yeyote mwenye jembe angewaambia kwa dakika tano kwa nini huku watu wanapanda uwele na mtama. Nadhani nguvu ndiyo iliyowafanya wasiulize. Mnyonge anauliza njia kwa sababu akipotea anakufa, mwenye nguvu akipotea anatuma lori lingine.

Sasa msimamo wangu, mnipige spana. Taifa kubwa lisijifanye mzazi wa dunia wala polisi wake. Liwe kama jirani mwenye trekta. Unamwita, mnapatana bei ya ekari, anakuuliza maji yanasimama wapi shambani, analima. Na akishaingiza jembe, asiondoke na kuliacha shamba nusu.

Karibuni.

KambaMbili

Nimekaa paleee. Nasubiri atakayekuwa wa kwanza kutuletea tembo na nyasi.

Mpenda Nchi

Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia.

KambaMbili

😂😂 Dakika nne. Asante mkuu.

Mwalimu wa Zamu

Mcheke, lakini huku Ugogo hiyo methali ina tarehe.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Mjerumani akapita akichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mwingereza akaja nyuma yake, naye akachukua ng'ombe, nafaka na vijana. Mvua ikakosekana juu ya hapo. Iliyofuata ni njaa ambayo Wagogo wameipa jina lake, Mtunya, mpaka kama 1920. Kwa makadirio yanayotajwa alikufa karibu mtu mmoja kati ya watano. Watu walitembea kutafuta chakula na wengi hawakurudi.

Mkiwauliza wazee wa Mvumi au Bahi vita ile ilihusu nini, hakuna atakayewatajia Ulaya. Watawaambia habari za ghala na zizi. Huwa nawaambia wanafunzi wangu ukame peke yake Ugogo ulikuwa unaujua, watu walikuwa na ng'ombe wa kubadilisha kwa nafaka kwa majirani. Safari ile ng'ombe walikuwa wameshaliwa na majeshi mawili.

Kwa hiyo mleta uzi, kabla hatujafika kwa jirani mwenye trekta, kuna jirani anayepita shambani kwako akienda kupigana na mwingine. Huyo ndiye tunayekutana naye mara nyingi zaidi.

MnadaKibaigwa

Hii ya Mtunya nilikuwa naisikia kwa bibi kama tusi tu, "unakula kama mtu wa Mtunya". Shukrani mwalimu.

Na hilo la kupita shambani niseme ukweli unaoniaibisha. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, hao wote wawili ni wakubwa wa mafuta ya alizeti duniani. Bei ikapaa, na sisi wanunuzi wa Kongwa na Singida tulichekelea kimoyomoyo. Watu wanakufa kule, mimi nahesabu magunia huku. Haikuchukua muda mbolea nayo ikapanda hadi serikali ikaweka ruzuku. Msimu uliofuata mafuta ya nje yakajaa madukani, alizeti ikaanguka, kuna mzigo niliuza chini ya nilivyonunua. Na kwenye kura ya Umoja wa Mataifa ya tarehe 2 Machi 2022, ya kulaani uvamizi ule, sisi tulikuwa miongoni mwa 35 waliokaa kando. Tumekaa kando, na bei imetufuata hukohuko kando.

BintiIhumwa

Kaka MnadaKibaigwa, mfano wa trekta mzuri, ila ngoja nikupeleke ofisini kwangu.

Nafanya kazi CTC, kliniki ya wanaotumia dawa za UKIMWI, sitataja kituo. Mpango wa Marekani wa UKIMWI, PEPFAR, ulianza 2003. Waliokuwa watu wazima miaka ya tisini wanakumbuka kila wiki msiba, na kila msiba ukiuliza marehemu kaugua nini unaambiwa kifua. Mimi mama yangu mdogo aliondoka kabla dawa hazijafika. Aliyeugua baada yake, mjomba, yupo hadi leo analima zabibu Hombolo, anagombana na watu wa kiwanda kila msimu. Tofauti ya wale wawili ni miaka michache tu na sahihi ya rais wa nchi ya mbali. Nani alimwita? Sijui. Ila akija mtu na dawa sitamuuliza kadi ya mwaliko.

Sasa upande wa pili. Januari 2025 ikatoka amri Washington, misaada ya nje isimame siku 90. Asubuhi ile tulikuja kazini kama kawaida. Dawa zilikuwepo kabatini, hilo niliseme wazi kwa sababu mitaani walisema zimeisha. Walioondoka ni watu. Dada wa kuingiza takwimu, hayupo. Vijana wawili wanaopiga simu kumfuata mgonjwa aliyepitiliza tarehe, hawapo. Ilibaki simu yao mezani, inaita. Nikaipokea. Ni mama kutoka kijijini anauliza, "Mwanangu, nije au nisije?" Baada ya siku chache ikaruhusiwa tiba za kuokoa maisha ziendelee, lakini kumrudisha mgonjwa aliyekwisha kata tamaa si kazi ya tangazo.

Kwa hiyo kwenye trekta yako mimi nakubali kipande cha mwisho tu. Akiingiza jembe asitoke usiku.

KambaMbili

Dada pole. Ila na sisi miaka yote ile tulikuwa wapi? Mtu anakupa fimbo ya kutembelea, unatembea nayo kutwa nzima bila kujiuliza akiitaka jioni utafanyaje.

BintiIhumwa

Kweli kabisa. Hilo uwaulize wapanga bajeti, mimi napima uzito na kugawa dawa.

Mhandisi wa Kizota

Trekta lililomaliza shamba lipo wakuu, reli ya TAZARA. Wakubwa wa Magharibi waliulizwa kwanza, wakasema reli hiyo hailipi. Wachina wakasema sawa. Kilomita 1,860, wakaanza 1970, mwaka 1975 wameunganisha hadi Zambia, mkopo usio na riba. China yenyewe wakati huo ilikuwa maskini, ndiyo maana Nyerere na Kaunda walishtuka walipokubaliwa.

Ila msidhani walifanya kwa sadaka. Oktoba 1971 China ikarudishiwa kiti Umoja wa Mataifa, na kura za Afrika zilikuwa mle. Salim Ahmed Salim, balozi wetu, alishangilia waziwazi ukumbini. Miaka 10 baadaye akagombea Ukatibu Mkuu, Marekani ikamzuia kwa kura ya turufu raundi baada ya raundi. China nayo ikawa inamzuia Waldheim, Katibu Mkuu aliyekuwepo. Mwisho kikapita kiti kwa mtu wa Peru. Ndivyo wakubwa walivyo, wanaweka daftari.

Baada ya Wachina kuondoka matengenezo yalitushinda wenyewe. Hilo tusimsingizie mtu.

Mhangaza

Nimesoma kimya kimya, sasa niseme.

Mimi kwetu Ngara, Dodoma nimekuja kwa kazi. Mwisho wa Aprili 1994 nilikuwa darasa la tano. Daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda, lilipofunguka, ndani ya siku moja na ushei walivuka watu kama 250,000. Wilaya yetu yote haikuwa na watu wengi kuliko hao. Nilichokiona mtoni sitakiandika hapa, watoto wanasoma.

Wiki moja kabla, wanaokaa Baraza la Usalama walikuwa wamekwisha amua kupunguza walinda amani wa Rwanda wabaki 270. Wakubwa walikuwa na taarifa, walikuwa na ndege, na ndege zilikuja kweli, zikachukua raia wao zikaondoka. Halafu mtu ananiambia taifa kubwa lisubiri kuitwa na kupatana bei ya ekari? Nani alikuwa wa kuita? Serikali ndiyo iliyokuwa inaua. Wenye kuita walikuwa kanisani wamejifungia.

Kaka MnadaKibaigwa, mfano wako unafaa msimu wa kulima. Nyumba ya jirani ikiwaka usiku, mwenye lori la maji akikuambia sikuitwa, utamwelewa?

KambaMbili

Mhangaza pole sana, na hoja yako ni nzito. Lakini tuwe wakweli, baada ya Rwanda wakubwa walilipata neno walilokuwa wanalitafuta, "kulinda raia". Machi 2011 likapitishwa azimio namba 1973 kuhusu Libya, kulinda raia wa Benghazi. Urusi na China hazikuzuia, zilikaa kando. Mwezi wa kumi Gaddafi kauawa, nchi imebaki na serikali mbili, silaha zimetambaa jangwani hadi Mali, na mwaka uliofuata Mali nayo ikawaka.

Lori la maji lilikuja, likazima moto, likabomoa ukuta, likaondoka na geti.

Mhangaza

Sibishi kuhusu Libya. Ila kila nikisema Rwanda naambiwa Libya, na kila mtu akisema Libya anaambiwa Rwanda. Wakubwa wanaipenda sana hiyo, maana wakitaka kuja wanataja moja, wakitaka kulala wanataja nyingine.

Mpenda Nchi

Duh. Hiyo naiba.

Mgambo79

Vijana, mbukwenyi. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia.

Nawaona mnazungumza mataifa makubwa kama kwamba sisi siku zote ni wa kutendewa. Mimi ni mtu wa Chamwino. Mwishoni mwa 1978 Amin wa Uganda alipoichukua Kagera, nikachukuliwa mgambo. Nilikuwa sijawahi kuliona Ziwa Victoria. Huku kwetu mvua tunaiomba, kule Kagera ilinyesha mpaka buti zikaota ukungu mguuni.

Kumfukuza kwenye ardhi yetu hakukuwa na mjadala. Mjadala ulianza mpakani, turudi au tuendelee. Tukaendelea. Kampala tuliingia Aprili 11, 1979. Watu walitupokea kwa ndizi na vifijo, sijapata kupokewa hivyo hata siku ya harusi yangu. Lakini kwenye mkutano wa OAU, umoja wa nchi za Afrika, kule Monrovia mwaka huohuo, Sudan na Nigeria zilitulaumu kwa kuingia nchi ya mtu. Kwa Waganda wa wakati ule, taifa kubwa lilikuwa ni sisi.

Kilichonifundisha ni baada ya vifijo. Tulikaa hadi 1981. Mwezi wa kwanza unaitwa mkombozi, ukifika mwaka unaitwa mgeni, na baadaye kina mama sokoni wanapandisha bei wakikuona na sare. Tulikuwa tunalinda maduka ya watu ambao hatujui wanapigania nini wao kwa wao. Na nyumbani huku sukari, sabuni na nguo zikawa za foleni. Nikarudi nimekuta mke wangu anafulia majivu.

Mkiniuliza kama tulikosea kwenda, nawaambia hatukukosea. Mkiniuliza kama tulijua kutoka, mjukuu weka nukta hapo.

BintiIhumwa

Shikamoo mzee.

Mgambo79

Marahaba mwanangu.

MnadaKibaigwa

Shikamoo mzee wangu. Mmenifanya nirudi kwenye mfano wangu nikaukague kama tairi lile.

Nakubali nimeshindwa kwa Mhangaza. Mwenye kuchinjwa hawezi kuambiwa apatane bei kwanza. Ila nabaki na kitu kimoja nimekipata kwa mzee. Tanzania ilipoingia Uganda ililipa yenyewe, kwa sukari na sabuni ya mke wa askari. Hakukuwa na mbali. Mwingereza alipokosea Kongwa, aliyepoteza ardhi ni Mgogo, na bunge la London likapiga kelele wiki kadhaa likahamia jambo lingine. Amri ya siku 90 ilitiwa sahihi na mtu ambaye hatakaa aipokee ile simu ya dada BintiIhumwa. Basi mimi taifa kubwa nitaliamini kwa kiasi ambacho kosa lake litamuuma nalo. Likiwa halihisi maumivu yoyote, hata likija na dawa nitaishukuru dawa, ila namba ya mwenye trekta mwingine nitakuwa nayo mfukoni.

Mwalimu wa Zamu

Hiyo namba nyingine mfukoni ndiyo tuliyokuwa tunaiita kutofungamana. Na tulipoitumia tuliilipia. Ujerumani Magharibi mwaka 1965 walitaka kutupangia tuhusiane vipi na Ujerumani Mashariki, wakakata msaada wa kijeshi kututisha, Nyerere akawaambia wachukue na uliobaki. Desemba mwaka huohuo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), mkopo wa paundi milioni 7.5 ukayeyuka. Nchi ina miaka minne tangu uhuru! Leo nikisimulia darasani, watoto wananiuliza, "Sasa mwalimu, tulipata nini?"

KambaMbili

Na wewe unawajibu nini?

Mwalimu wa Zamu

Nawapeleka Kongwa. Mleta uzi kasimulia nusu ya Kongwa tu. Mwaka 1964, kwenye masalia ya mradi huohuo wa karanga, ndipo ilipowekwa kambi ya wapigania uhuru. FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola, ZAPU ya Zimbabwe, wote walipita pale. Samora Machel aliongoza wapiganaji wa FRELIMO pale kabla dunia haijamjua. Chris Hani wa ANC alikuwepo. Tanganyika ilikuwa haina vifaru hata vya kulimia, ila ilikuwa na uwanda ulioachwa na mkubwa na wanakijiji ambao hawakuuliza maswali mengi. Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini, serikali zao zote zilikuja kuwa na watu waliokunywa maji ya chumvi ya Kongwa. Makaburi ya wasiorudi kwao yapo.

MnadaKibaigwa

Mwalimu, nimepita pale miaka 11 na magunia yangu, sijawahi kusimama.

Mgambo79

Mimi nilipeleka kuni pale nikiwa kijana, tukilipwa na jikoni. Kuna mmoja wa SWAPO alinifundisha kucheza bao la kwao. Sijui kama ni miongoni mwa waliolala pale au alifika nyumbani. Kijana, hilo gari lako linaenda lini tena?

MnadaKibaigwa

Jumamosi hii mzee. Nitakupitia Chamwino saa moja asubuhi, barabarani palepale Buigiri, kabla jua halijawa kali. Utakaa mbele na mimi. Mwalimu ukitaka kuja njoo, ila wewe nyuma na tingo.

Mwalimu wa Zamu

Nyuma sawa. Spea umejaza upepo?